Dokta Majani na Chupa ya Tisa

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dokta Majani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkulima wa maharage. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, lakini pua yake ilikuwa kali, hata mama yake akawa anamwita jikoni anuse kama maziwa yameharibika.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mikunde. Huko alijifunza kazi iliyompa jina: kulisha maharage kupitia majani. Aliwafundisha majirani kupulizia mbolea ya maji asubuhi kabla jua halijawa kali, mpaka chini ya jani, maua yanapokaribia kutoka. Waliomcheka kwamba anayanywesha majani chai walikuja kubisha hodi wenyewe walipoona maganda yake yamejaa.

Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa. Wakati wa uchumba alipulizia nusu ya kishamba cha mchumba wake ili aone tofauti. Binti akamuuliza, "Na hii nusu nyingine imekukosea nini?" Kesho yake alirudi na bomba.

Baada ya kustaafu alichanganya mbolea katika stoo nyuma ya jiko na kuwagawia wanakikundi wenzake wa kilimo cha maharage. Madumu yake ya mbolea na ya dawa hayakuwa na maandishi. Mkewe akilalamika, alijibu, "Mama watoto, mimi nanusa tu." Kumbe tangu mafua makali ya mwaka jana hakuwa ananusa chochote, na aliona aibu kusema. Familia inalisema leo, na inauma kulisema.

Tarehe 6 mwezi huu alijaza chupa tisa za lita moja kutoka dumu moja. Wanakikundi walipozichukua, naye akapulizia shamba lake kwa iliyobaki, bomba likimvujia mgongoni muda wote. Asubuhi iliyofuata maharage yalikuwa yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Alimwambia binti yake mkubwa, "Mwanangu, ile ilikuwa dawa ya magugu. Kusanya chupa kwanza, hospitali baadaye." Binti alimpeleka hospitali kwanza. Midomo ilitoka vidonda, kisha pumzi ikaanza kukata. Alifariki tarehe 17, saa nne asubuhi, akiuliza zimerudi ngapi.

Zimerudi nane. Mwanakikundi mmoja alichukua mbili, moja akampa mpita njia aliyeomba ya kujaribu. Hakumuuliza anatoka wapi. Mashamba yote kwenye njia ya makaburini yanakaribia kutoa maua, na huo ndio wakati wa kupulizia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Kama wewe ndiye uliyepewa chupa hiyo, au unamjua aliyepewa, mwambie binti yake aliyesimama karibu na jeneza, hata kama sala inaendelea. Usiifungue. Hakuna atakayekulaumu.

Dokta Majani apumzike kwa amani, na mwenye chupa ya tisa asimfuate.