Manase Msengi na Sanduku Lake la Muziki

Marehemu Manase Msengi alizaliwa tarehe 3 Mei 1936, nje kidogo ya Kiomboi, mtoto wa kwanza wa mzee Ezekieli Msengi na mama Leah. Alisoma hapa hapa hadi darasa la nane. Mwaka 1962 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio.

Kuanzia 1964 alifanya kazi dukani kwa Bwana Kanti Manji, Singida mjini. Kwa transista za redio zilizokufa aliunda sanduku la kupiga muziki. Alitueleza, tupende tusipende, kwamba kila sauti huinuka, hutulia, kisha hufifia, na kwamba yeye alikuwa na vifundo vya kuzungusha ili kupanga hatua zote hizo. Ndani mlikuwa na lango la umeme la kuamua sauti ianze lini na ikome lini. Lango hilo alilipanga lifuate mapigo ya umeme wa mjini, na hapo ndipo alipokosea.

Sabasaba ya 1971 alilileta Kiomboi liongoze kwaya ya kanisa letu. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya kukodi iliyokwenda kwa kujikokota, hivyo lango likachelewa kufunga. Kila sauti ilirefuka mno, waimbaji wakaishiwa pumzi katikati ya neno, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Manase alizima sanduku, akasimama mbele yao.

“Shikamooni wazee. Kosa ni langu, kwaya haina kosa. Nipeni mpaka Krismasi.”

Theresia, kiongozi wa kwaya, akamwambia, “Sisi tunapumua, Manase. Hilo sanduku lako halijui.”

Miezi mitano alikuja kila Jumapili kusikiliza waimbaji wanapovuta pumzi, daftari mkononi. Akaachana na umeme wa jenereta, akaweka betri na kitufe. Theresia akibonyeza, sauti iliinuka. Akiachia, ilififia polepole. Krismasi ile watu walisikiliza kimya, na mama yetu akalia. Manase na Theresia walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1972.

Mwaka huu figo zilimsumbua sana. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1977, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mjane, Theresia, watoto wawili, Raheli na Gasto, mama Leah, na mimi Selina, mdogo wake.

Siku ile ya Sabasaba, aliyeanza kucheka ni mimi. Alinisikia, hakunitaja hata mara moja. Sikumwomba radhi, nikidhani muda upo. Kaka Manase, nisamehe. Lala salama.