Kengele ya Zaki

Nusra: Haloo? Ni nani?

Mahfudha: Ni mimi dadako. Asalaam aleikum.

Nusra: Waaleikum salaam! Nilidhani ni wale wa kuuza bima. Pearland hamjambo?

Mahfudha: Hatujambo. Abdulhafidh yuko wapi?

Nusra: Yuko shule. Leo ndiyo siku yenyewe, dada! Wampiga picha na kofia ya chuo, mji mzima wa Carrollton—

Mahfudha: Najua ni leo. Ndiyo maana nimepiga. Nimetoka zamu hospitali, hata viatu sijavua. Nusra, usiitie sahihi ile karatasi.

Nusra: Ati nini?

Mahfudha: Karatasi ya chuo, ya mpira wa helmeti wa Kimarekani. Mwanao ana miaka kumi na saba, bila sahihi ya mzazi hachezi. Mumeo Mselem yuko safarini na lori lake, mkono uliobaki ni wako. Uzuie.

Nusra: Haa! Si chuo kile kile cha Zaki wako, hapo hapo kwenu Houston? Si kocha yule yule? "Mtu mzuri, Nusra, ampigia mzazi simu mwenyewe." Maneno ya nani hayo?

Mahfudha: Yangu.

Nusra: Na kanda za video je? Msimu mzima wa tisini na nane, kila wiki posta yaniletea kanda. Mechi kumi na moja, wameshinda tisa. Mwanangu alitaka kusomea udaktari, dada. Ni wewe uliyemtia mpira kichwani. Haloo? Simu yakwaruza hii—

Mahfudha: Nipo.

Nusra: Sasa imefika zamu yangu ya kuitwa mama wa mchezaji, wasema usisaini. Wataka jina libaki la Zaki peke yake?

Mahfudha: Sema utakavyo. Leo nakuachia.

Zaki: [kwa mbali] Mama? Is it Saturday?

Mahfudha: La, baba. Jumatano. Rudi ukalale, pazia nimelifunga.

Nusra: Huyo si Zaki? Hajarudi chuo? Si ulisema amekuja likizo ya Desemba?

Mahfudha: Nilisema.

Nusra: Dada, huu ni mwezi wa pili.

Mahfudha: Nisikilize, kadi hii ya simu imebakisha dakika chache. Waikumbuka mechi ya saba, ile ya mvua?

Nusra: Ile ambayo kanda yake hukuileta.

Mahfudha: Sikwenda, nilikuwa kazini. Jioni kocha akanipigia. Sauti yake tamu, yacheka cheka. Akaniambia kwa Kiingereza chake, kengele ya Zaki imelia.

Nusra: Kengele gani?

Mahfudha: Unaona? Mimi nimeishia darasa la saba, Nusra. Kengele niijuayo ni ya shule. Ikilia, watoto hutoka wakaenda kwao. Nikajua mechi imekwisha, mwanangu ameoga, anakula. Nikamwambia, "Thank you, Coach. Very good." Akauliza, basi Jumamosi ijayo acheze? Nikasema yes, yes, God bless you.

Nusra: Kumbe—

Mahfudha: Kumbe ndivyo wasemavyo mtu akigongwa kichwa mpaka asijue yuko wapi. Wana neno la kuchekea kabisa! Alinieleza Prudensia, yule nesi Mtanzania wa wodini kwetu, wiki tatu baadaye. Namhadithia kwa maringo, yeye akaweka trei chini, akaniuliza, "Mama Zaki, na wewe ukamjibu nini?"

Nusra: Na wiki hizo tatu?

Mahfudha: Alicheza. Zote. Jumapili akija nyumbani alala kutwa, nami nawaambia watu, nyamazeni, shujaa amechoka.

Nusra: Dada. Ile kanda... ile ya mechi ya nane, alipotoka uwanjani akaenda kuketi benchi la wapinzani...

Mahfudha: Ndiyo.

Nusra: Tulicheka. Tuliirudisha nyuma mara tatu. Tukasema huyu Zaki ana vituko.

Mahfudha: Na kwenye kanda kuna mtu asikika akicheka karibu na kamera.

Nusra: Ndiyo, yupo—

Mahfudha: Ni mimi.

Nusra: Ya Rabbi. Daktari asemaje?

Mahfudha: Asema ubongo umeumia, tungoje. Na yule kocha wa simu tamu, tangu Desemba nikipiga napokewa na msichana. Yuko mkutanini. Mkutano gani huo usiokwisha?

Nusra: Mbona hukuniambia? Miezi yote hii!

Mahfudha: Ningesemaje nami nimeshatangaza mpaka Mombasa? Niliona haya. Leo nimeiweka haya chini, ndiyo hiyo waisikia. Ichane karatasi.

Nusra: Dada...

Mahfudha: Ichane nisikie.

Nusra: Imeshakwenda. Nilisaini saa moja, shule wakaituma kwa faksi saa mbili. Yule kocha wako amenipigia kunipongeza. Simu yako ilipolia nilidhani ni yeye tena.

Mahfudha: Si ulisema wadhani ni wa bima?

Nusra: Nilikuwa natania tu. [analia] Abdulhafidh alinikumbatia hapa jikoni, mtoto asiyependa hata kushikwa mkono—

[sauti ya kadi: dakika moja imebaki]

Mahfudha: Wapigie, sema umeghairi.

Nusra: Nitamwambiaje yeye? Mwambie wewe.

Mahfudha: Mimi ndiye niliyemletea kanda, atanisikiliza? Haya, shika haya basi, upesi. Kila Jumamosi njoo mwenyewe. Ni mwendo wa saa nne barabarani, hata hivyo njoo. Wakikwambia neno usilolijua usiseme yes, sema, "Tell me again," hata wakikuona mshamba. Na akigongwa usikae ukapiga makofi. Shuka uwanjani, wakuzuie wasikuzuie, umshike uso umuulize—

Nusra: Nimuulize nini?

[simu yakatika]

Nusra: Dada? Nimuulize nini?