Mzee Gego, Fundi wa Meno Aliyependa Ngumi

Marehemu babu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gego, alizaliwa Jumapili tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alizaliwa kibogoyo kama sisi sote, lakini mama yake alikuwa akisema kwamba hata meno yalipoota, huyu hakuyatumia sana kwa kula. Aliyatumia kucheka.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Darasa la tano alichapwa kwa kuchonga chaki ya mwalimu ikawa safu ya meno ya mbele, manne, yamepangika vizuri kuliko ya mwalimu mwenyewe. Mwaka 1984 mwalimu yule yule alikuja kwa Babu kutengenezewa meno ya juu. Babu alimpima, akamtengenezea, akamvalisha, akampa kioo. Mwalimu alipotabasamu ndipo Babu akamwambia, "Mwalimu, ile chaki unaikumbuka?"

Mwaka 1967 mjomba wake alimpeleka kwa fundi wa meno bandia akajifunze kazi. Alifua makoti ya fundi, akakoroga plasta, akayeyusha nta, na mwaka wa tatu akaruhusiwa kugusa jino. Mwaka 1976 alifungua karakana yake mwenyewe: dirisha moja, meza ndefu, mota ya kusagia, na rafu tatu za midomo ya plasta, kila mdomo umeandikwa chini jina la mwenyewe kwa penseli. Ukiingia pale midomo mia mbili inakutazama. Watoto walikuwa wanaogopa. Babu alisema hiyo ndiyo midomo pekee mtaani isiyomsengenya mtu.

Ni fundi wake aliyempeleka kwenye ukumbi wa ngumi kwa mara ya kwanza, mwaka 1969. Kuanzia hapo, kila Jumamosi yenye pambano, saa tisa alasiri Babu alikuwa safu ya pili, na sauti yake ilikuwa safu zote.

Tarehe 16 Desemba 1978 alimuoa Bibi, mwalimu wa chekechea, ambaye mpaka leo hakuna anayemwita jina lingine ila Mwalimu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Babu aliomba harusi iwe asubuhi, akasema mchana jua kali, wazee watateseka. Watu wakamsifu kwa huruma. Saa kumi na moja rafiki yake akaingia mbio kwenye sherehe, akamwinamia bwana harusi sikioni, na bwana harusi akaruka na kupiga makofi.

"Kuna nini?" Mwalimu akauliza.

"Ameangushwa! Raundi ya pili!"

"Nani?"

"Humjui."

"Na wewe unamjua?"

"Simjui sana."

Bibi alimtazama vile anavyomtazama mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Akamwambia, "Jumatatu mpaka Ijumaa mimi nafundisha watoto wasipigane. Kumbe nimeolewa na mtu anayekata tiketi kwenda kuwaangalia wakubwa wakipigana. Sawa. Sikukatazi. Siku utakayonieleza kwa nini unapiga makofi mtu akianguka, nami nikaelewa, nitakuja kukaa na wewe."

Babu alidhani jibu atalipata kabla keki haijakatwa. Lilimchukua miaka arobaini na mitano. Watu wengi hapa mnamjua Babu kwa meno, lakini nyumbani tunajua kwamba hilo ndilo jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote. Alitaka mkewe akae naye pale, na hakutaka aje kwa kuburutwa.

Majibu hakukosa. Alikuja na moja karibu kila mwezi.

"Wamekubali wenyewe, Mwalimu. Hakuna aliyeshikiwa fimbo."

"Na wangekuwa na kazi kama yako, wangekubali?"

Akaenda kufikiri. Akarudi. "Siyo vurugu, ni ujuzi. Mimi huwa naangalia miguu. Ngumi iko miguuni."

"Mbona hujawahi kurudi nyumbani ukanisimulia miguu?"

Hapo alicheka yeye mwenyewe, maana ni kweli. Akirudi alikuwa anasimulia taya.

Sasa tuseme habari ya Jumamosi tarehe 21 Agosti 1999, kwa sababu Babu mwenyewe aliagiza isiachwe. Kulikuwa na bondia wa hapa hapa, jina lake la ulingoni Bawabu, kwa kuwa hapitiki. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa kazi ya Babu, yamepachikwa kwenye kibati cha kuvaa na kuvua. Sharti lilikuwa moja: ukipanda ulingoni, vua. Lakini siku hiyo wazazi wa mchumba wake walikuja kumwona kwa mara ya kwanza, na Bawabu hakutaka wakwe waone pengo. Akaingia anatabasamu, akavaa kikinga meno juu ya meno bandia, akasema atavua baadaye. Kengele ikalia.

Babu siku hiyo alikuwa upande wa mpinzani, kijana mrefu wa mkono wa kushoto. Kuanzia raundi ya kwanza alikuwa anapiga kelele, "Mdomoni! Mpe mdomoni!" Raundi ya nne kijana akampa mdomoni. Kikinga kikaruka kivyake, na kitu kingine kidogo kikaruka kivyake, kikavuka kamba, kikaanguka mapajani mwa Babu. Mikono yake ilikuwa tayari imeinuka kupiga makofi.

Akatazama chini. Alitambua kazi yake kabla hajakumbuka mwenye mdomo ni nani. Ile rangi ya jino aliichanganya siku mbili ili ifanane na majirani zake.

"Mzee, umeokota nini?" jirani akamuuliza.

"Kazi yangu," akasema, akakaa.

Alirudi nyumbani na meno ndani ya leso. Bibi alikuwa anakata karatasi za rangi za darasani.

"Umeleta nini?"

"Meno ya Bawabu."

"Bawabu yule niliyemfundisha kufunga viatu?"

"Yule yule."

"Na yalipotoka, wewe ulikuwa unasema nini?"

Babu alikuwa na makosa yake lakini kumdanganya Bibi hakuweza. "Nilikuwa nasema mdomoni."

Bibi aliendelea kukata karatasi yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho mrudishie. Na umwambie ulichokuwa unasema."

Asubuhi Babu akaenda. Bawabu alifungua mlango, mdomo umevimba kama andazi, akaona leso, akafurahi kupita kiasi. "Mzee, umeniokoa! Wakwe wanakuja saa sita!"

"Ngoja kwanza. Jana ni mimi niliyekuwa nasema mdomoni."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Mzee, sauti yako inasikika mpaka kwa kinyozi. Ulivyosema mdomoni nikainua mikono nilinde mdomo, akanipiga mbavu. Nikashusha nilinde mbavu, akanipiga mdomo. Ile ngumi, nusu ilikuwa yake, nusu yako."

Alisema huku anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma. Babu naye akacheka. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu, akaipita karakana yake bila kuiona, ikabidi arudi nyuma.

Akaacha kwenda ukumbini. Jumamosi ya kwanza alifagia ua. Ya pili alifagia ua wa jirani. Ya tano Bibi akasema huyu mtu atafagia mpaka barabara kuu. Baada ya miezi miwili Bawabu mwenyewe akaja.

"Mzee, huonekani."

"Nakuonea huruma, mwanangu."

"Sasa hiyo ndiyo imeniuma kuliko ile ya mdomoni. Nimeanza kupigana nina miaka kumi na nane. Naamka saa kumi alfajiri nakimbia, wewe umelala. Leo unakuja kunionea huruma kama mtu aliyegongwa na gari? Njoo uone ninavyofanya kazi."

Bibi alikuwa mlangoni. Babu alitegemea atamkemea kijana. Hakumkemea. Alisema tu, "Umemsikia. Kwenda nenda. Swali langu liko pale pale."

Basi Babu akarudi, akajiwekea sheria yake: hashangilii mdomo asioujua. Akaanza kuwapima mabondia wote wa ukumbi, na wageni pia asubuhi ya kupima uzito, akawatengenezea kila mmoja kikinga cha kumkaa barabara, bila malipo. Kufikia mwaka 2003 rafu ya nne ilijaa midomo ya mabondia watupu. Tatizo likawa kwamba sasa anawajua wote. Akawa anashangilia huku, anashangilia na kule, mpaka majirani wa safu ya pili wakachoka.

"Mzee Gego, kwani wewe uko upande gani?"

"Wa meno."

Alimpelekea Bibi habari hiyo kama mtu anayepeleka cheti. Bibi alimsifu kweli, akamwekea chai, kisha akauliza, "Meno umeyakinga. Kichwa je?"

Kichwa Babu hakuwa na kikinga chake. Aliwajua mabondia wa zamani wanaosahau njia ya nyumbani. Wawili walikuwa kwenye rafu yake. Alikuwa akiwatembelea kila mwezi, anakaa nao, anawaambia majina ya watoto wao wakiyasahau. Na Jumamosi iliyofuata alikuwa safu ya pili tena, mtu akianguka anaruka tena. Hayo yote mawili yalikuwa ni yeye. Hatutaki kumsema nusu kwa sababu amefariki.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kukohoa kikohozi kisichoisha. Daktari alisema ni mapafu, vumbi la plasta na la kusaga meno la zaidi ya miaka hamsini. Alilazwa mara tatu. Aliposhindwa kupanda ngazi za karakana aliomba aletewe kioo na brashi kitandani, akawa anakagua meno ya kila anayekuja kumwona mgonjwa. Baadhi ya wageni walianza kumpa pole kwa mdomo uliofungwa.

Mwanzoni mwa Juni mwaka huu, asubuhi, Bibi anamkunjia shuka, Babu akasema, "Mwalimu, lile swali lako."

"Lipi?"

"La makofi."

"Nilidhani umelisahau."

"Sina jibu. Mtu akianguka kuna kitu ndani yangu kinaruka kwa furaha kabla sijakiuliza. Nimejaribu kukifunga, hakifungiki. Kisha naona haya. Kisha Jumamosi ikifika nataka kwenda tena. Nakuambia ilivyo."

Bibi aliweka shuka chini. "Leo ndiyo umejibu," akasema. "Pambano ni Jumamosi ipi?"

Tarehe 15 Juni 2024 walikwenda wote wawili, Babu kwenye kiti cha magurudumu, Bibi amevaa miwani yake ya kusomea ingawa hakuna cha kusoma. Bawabu, ambaye siku hizi ndiye meneja wa ukumbi, aliwawekea nafasi. Raundi mbili Bibi alikaa kimya. Raundi ya tatu kijana mmoja alianza kuzidiwa, na ukumbi mzima ukasikia sauti ya chekechea: "Inua mikono, mwanangu! Inua mikono!"

"Umeona?" Babu akasema, anang'aa.

"Nimeona. Nyamaza niangalie."

Raundi ya tano kijana yule akaanguka. Watu wakalipuka. Babu akaruka, kwa kadiri ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, lakini Bibi alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, akaukaza. Kwa mkono mmoja mtu hapigi makofi. Wakakaa hivyo, wanaangalia. Kijana akahesabiwa, akahudumiwa, akaketi, akanywa maji, akasimama kwa miguu yake. Ndipo Bibi akauachia mkono.

"Haya," akasema. "Sasa piga."

Babu akapiga makofi mpaka kikohozi kikamshika. Njiani kurudi hakuongea mengi. Alisema mara mbili tu, "Mwalimu alikuwepo," kama vile sisi tuliomsukuma hatukuona.

Aliaga dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, Bibi akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja aliyeota meno mawili wiki hii, na dada mmoja. Ameacha pia midomo mingi sana inayotafuna vizuri.

Tangazo moja. Jumatano Bawabu alikuja kumwambia Bibi kwamba mapambano ya kesho Jumamosi yataahirishwa kwa heshima ya marehemu. Bibi alikataa.

"Wapigane. Mtu akianguka, ukumbi wote unyamaze mpaka ainuke. Akishainuka, wapige makofi mpaka paa ling'oke."

"Mwalimu, watu wameshazoea."

"Na wewe ulikuwa umezoea kuwauma wenzako. Uliacha au hukuacha?"

"Niliacha, Mwalimu."

"Basi."

Kwa hiyo kesho saa tisa alasiri milango iko wazi, na utaratibu ni huo. Bibi atakuwepo kuusimamia.

Mzee Gego, amani iwe nawe huko ulikolala. Pumzika, babu yetu.