Kaa la Moto Kutoka Ng'ambo

Nawasalimu nyote kwa jina lake aliyetufikisha hapa. Wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkidhani sikuwaona. Mchungaji amenipa nafasi fupi ya kushuhudia. Ni mgeni kwetu, bado hanijui. Mzee wa mtoni ukimpa maneno ni sawa na kumpa kiboko shamba la mpunga, hatoki mpaka alimalize. Lakini leo nitatoka mapema, na sababu yake iko hapo nje. Mmeniona nikiingia nimeacha kigae cha chungu chini ya ukuta, upande wa kivuli, kimejaa majivu. Akina mama, washikeni watoto wasikiguse. Ndani ya yale majivu kuna kaa la moto. Nitawaambia linakwenda wapi.

Mimi shule niliiona kwa mbali. Niliingia darasa la kwanza, mto ukafurika, maji yalipotoka mwalimu alikuwa amehamishwa na madawati yamekuwa kuni. Basi nikishuhudia nitapita kushoto na kulia, mtanivumilia.

Wengi wenu mwamjua mama watoto wangu. Mwaka ule mto ulipopanda, mlikuwa mmehamia kwenye mahema kando ya barabara. Sisi nyumba yetu iko juu kidogo. Watu wanapaita kilimani, lakini si kilima, ni kichuguu kilichojisahau kikakua. Maji yakafika uani, yakasimama hapo. Tukacheka. Nilimwambia, "Mke wangu, sisi tumesazwa." Akasema, "Nyamaza, mto una masikio."

Asubuhi moja akawasha moto, akapika uji wa mahindi, akanywa mafunda mawili, akakiweka chini kikombe. Akasema, "Baba, mwili huu leo si wangu." Ilikuwa homa. Mchana ilikuwa imempanda hadi ananena vitu visivyokuwepo. Barabara ya Garsen, ya kwenda hospitali, ilikuwa imekatika, kwa hiyo tukampakia kwenye mtumbwi, mimi na jirani mmoja, tukasukuma kwa upondo. Hatukufuata njia ya mto, tulikata juu ya mashamba. Maji yalikuwa safi pale, nikawa naona mpunga wetu chini, umelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Akafumbua macho akaniuliza, "Tumefika wapi?"

Nikamwambia, "Tuko juu ya shamba lako la mpunga."

Akasema, "Usilikanyage."

Hayo ndiyo ya mwisho. Mtu yuko ndani ya mtumbwi, anakufa, anakwambia usimkanyagie mpunga wake. Tulipofika alikuwa amekwisha zamani, ila mimi nilikuwa bado namsemesha.

Ndugu zangu, nawaambia, siku za matanga sikuona uchungu. Mlikuja nyote. Wengine mlivuka maji yakiwafika kifuani, mmebeba sufuria kichwani. Majirani zetu wafugaji walileta maziwa, wakakaa nami kimya, nao wanajua sana kukaa kimya na mtu. Mlipika uani, mliimba, mlilala chini. Nilikuwa kama mtu aliyebebwa. Kisha matanga yakaondolewa, kila mtu akachukua sufuria yake akaenda kutafuta lililobaki la kwake. Siwalaumu. Mafuriko hayakuwa yangu peke yangu.

Nikabaki na nyumba. Na ndani ya nyumba kuna mafiga yake matatu, na katikati ya mafiga kuna majivu ya ule moto wake wa mwisho, moto wa uji. Mlipika nje siku zote zile, kwa hiyo hakuna mkono uliogusa pale. Majivu yalikuwa vile vile alivyoyaacha, na alama ya kijiti alichokuwa akichochea nacho. Nikasema moyoni, haya hayaguswi. Nikaweka kigoda changu pale, nikawa nayalinda. Kuku wakikaribia nawafukuza. Baadaye kuku wenyewe walikwisha, lakini hiyo ni habari nyingine, ya nguchiro.

Sikuwasha moto. Chakula mlichoniletea nilimpa mbwa. Mbwa akanenepa, mimi nikakonda, nikasikia watu wakisema njiani, "Yule mzee anafunga kwa niaba ya mbwa wake." Binti yangu alipiga simu kutoka Mombasa, nikamwambia niko salama. Sikutaka kujiua, hapana. Nilikuwa nimeacha tu kutaka kuishi. Hicho ni kitu kingine, na ni kibaya kuliko mnavyodhani, maana hakuna anayekuja kukunyang'anya kamba. Kamba haipo. Upo wewe na kigoda.

Sasa ndipo anapoingia yule mama.

Jina lake silitaji, na mkijiuliza ni nani, hiyo ndiyo shida yenyewe ninayotaka kuisema. Mlikaa naye humu. Alikuwa akikaa kule nyuma, kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa. Kwaya hakuimba, sauti yake ilikuwa kama ya mlango. Hakuwa mzee wa kanisa wala kiongozi wa akina mama. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, anakuja kwa mtumbwi wake, anasali, anarudi. Mke wangu alikuwa akimwita dada.

Nikasikia mlangoni, "Hodi, shemeji."

Nikaugeuzia mlango mgongo.

"Hodi tena. Kigae kinaniunguza."

Nikatazama. Amesimama na kigae mikononi, majivu yamejaa, kavuka mto nacho.

Nikamwambia, "Sikuagiza moto."

"Najua. Nani huagiza?"

"Kiberiti ninacho."

"Kiberiti kinakaa mfukoni mwaka mzima, shemeji. Kaa halimngoji mtu. Ukilipokea, unainuka kutafuta kuni."

"Basi silipokei."

"Basi nitakaa nalo mpaka life."

Akakaa. Hakuniombea, hakunisomea mstari. Alikaa kizingitini akitazama nje, mara anasema mto unashuka, mara anasema mbwa wako mnene. Lile kaa likafa. Akaligusa kwa kidole, akajipangusa vumbi kwenye leso, akasema, "Limekufa. Kesho basi."

Na kesho akaja. Na kesho yake. Nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Nilimwambia, "Wewe mama huna kazi?" Akanijibu, "Ninayo, nimeiacha ng'ambo inaliwa na nyani." Na kweli shamba lake liliharibiwa na nyani msimu ule, niliona baadaye kwa macho yangu. Hakuwahi kulirudia neno hilo.

Siku moja mvua ikanyesha tangu alfajiri. Nikasema leo haji, leo nimepumzika. Nikamwona anapanda kutoka mtoni, amefunika kigae kwa beseni la plastiki na kichwa chake mwenyewe kiko wazi, kinatota. Aliingia ndani safari hii bila hodi. Akachuchumaa, akafukua majivu. Kaa lilikuwa limebaki dogo kama jicho la paka. Akapuliza. Kikohozi kikamshika. Akapuliza tena, kikohozi kikamkunja mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nimesikia kikohozi kile siku zote nikidhani ni cha baridi.

Akanitazama, akasema, "Shemeji, pumzi imeniishia. Puliza wewe."

Sikufikiri. Mtu akishindwa na pumzi mbele yako huna muda wa kufikiri. Nilipiga magoti nikapuliza. Majivu yakaniingia machoni, nikapuliza. Likaanza kuwa jekundu, na nilipoliona linawaka nikahisi hofu, maana sasa lilitaka mahali pa kukaa, na hapakuwa na mahali pengine ila katikati ya mafiga.

Nikamwambia, "Hayo majivu ni yake." Sikuwa nimemwambia mtu. "Ni ya moto wake wa mwisho. Siwezi kuyazoa."

Akasema, "Nani amekwambia uyazoe? Usiku moto unaulaza wapi, si ndani ya majivu? Nyumba isiyo na majivu asubuhi inakwenda kuomba moto kwa jirani. Huyu amekuachia kitanda, wewe unakaa unakitazama."

Akaliweka lile kaa pale katikati, polepole, kama unavyolaza mtoto. Majivu ya mke wangu yakalizunguka, likatulia, halikuzimika.

"Kuni," akasema.

Kuni kavu zilikuwa wapi? Dunia nzima ilikuwa imelowa. Nikatoka na panga, nikauvunja mlango wa banda la kuku, maana kuku hawakuwepo tena wa kufungiwa. Nikachoma mlango. Nikapika uji, mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na akina mama mnaocheka hapo mngeuona mngelia. Akanywa kikombe kizima. Akasema, "Uji wako mbaya, shemeji." Nami nikanywa. Nililia nikinywa, machozi yakaingia mle, na kwa vile nilikuwa nimesahau chumvi, yalisaidia.

Tukiwa hapo nikamuuliza, "Jambo hili ulifundishwa na nani?"

Akasema, "Nilipozika mtoto wangu, na wewe hukujua kama niliwahi kuwa na mtoto, alikuja bibi kizee mmoja aliyetoka pande za Ozi. Akanishikia kigae hivi hivi."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa nalia. Nilipoacha kulia alikwisha rudi kwao."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo moto wangu haujazimika. Ninaulaza usiku, nauamsha asubuhi. Nilirudi shambani, nikarudi humu ndani. Nilianza kusikia kutoka kwa huyu na yule. Mjane mmoja wa ng'ambo, kaa. Mwalimu aliyefiwa na mama yake, kaa. Mfugaji mmoja aliyezika kijana wake, yeye Mwislamu na mama Mkristo, kaa, na yule mzee mfugaji ameniambia mwenyewe, "Yule mama wenu alikaa mlangoni kwangu mpaka nikaona haya, nikaenda kukata kuni." Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mama mwenyewe hakusimama hapa hata siku moja kusema ninafanya hivi na vile.

Kikohozi kilimshinda kabla ya masika kurudi. Tulimzika kwao ng'ambo. Ilikuwa wakati wa kupanda, tulikuwa watu wachache. Mchungaji aliyemzika, si huyu wetu, alikuwa ameombwa tu kutoka mbali, akauliza kwa upole, "Marehemu alikuwa na huduma gani kanisani?" Tukatazamana. Mtu mmoja akasema, "Alikuwa muumini." Mchungaji akasema, "Basi, muumini." Akaendelea. Nami nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na maneno haya yote ninayowamwagia leo na sikutoa hata moja.

Matanga yake yalikuwa mafupi. Hakuwa na mume wala mtoto wa kuachiwa. Yalipoondolewa nikachukua kigae, nikatia kaa kutoka mekoni kwangu, nikavuka. Nyumba yake ilikuwa wazi, mbuzi wa watu wamelala ndani. Nikabisha hodi, kwa ujinga wa mazoea. Nani wa kuitika? Mafiga yake yalikuwa baridi. Nikaweka kaa, nikawasha, nikapika uji, nikaunywa peke yangu, na bado ulikuwa mbaya. Nilikaa mpaka moto ukashuka. Kisha nikafukua kaa moja kutoka mekoni kwake, nikalifunika kwa majivu yake mwenyewe, nikarudi nalo nyumbani. Ninalolilaza usiku ni hilo.

Nyumba ile haipo sasa. Mto ulikula ukingo, ukachukua meko na nguzo na kila kitu. Ukienda leo utaona maji tu.

Nawashukuru. Nakushukuru wewe jirani uliyesukuma mtumbwi pamoja nami na hukuwahi kuniambia ulijua amekwisha tangu tulipokuwa katikati ya shamba. Nawashukuru mlioleta chakula, hata kama shahidi wa chakula hicho ni mbwa. Namshukuru yule mama, na yule bibi kizee wa Ozi ambaye hakuna anayemjua, na aliyemfundisha huyo, maana naye lazima alikuwepo mtu. Bwana ana watu ambao hata wakizikwa tunakosa la kusema juu yao, na hao ndio wametushika tusianguke. Somo langu ni hilo. Msisubiri kupewa cheo ndipo mtumike. Mtu aliyefiwa msimpelekee kiberiti, mpelekeeni kitu kitakachomwinua, na mkae nacho hapo mpaka kife, na kikifa mrudi kesho.

Sasa mchungaji ananitazama, nami namaliza. Mnamjua yule kijana wa bodaboda aliyemzika mkewe majuzi. Matanga yameondolewa, watu wamekwenda zao, pikipiki yake iko uani imepigwa na mvua. Jana nilikwenda na kigae. Alinifungia mlango, akaniambia kutoka ndani, "Mzee, niache." Nilikaa nje mpaka kaa likafa. Leo nakwenda tena, na lile lililo hapo nje linapungua ninavyosema.

Aliye na kuni kavu nyumbani anifuate nazo. Mvua imenyesha usiku kucha, na yule kijana hana cha kuchoma ila mlango.