Sahani ya Buluu ya Orpa Uwizeye

Mukarukundo, huyu anayesimama mbele yenu, alikataa kusema haya. Shule yeye aliiona kwa mlango tu, na vijana wenye kalamu wako tele. Lakini kikundi cha marehemu kimeng'ang'ana, kaburi liko wazi, mvua inakuja. Basi asikilizwe vizuri, hatarudia.

Orpa Uwizeye alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 Minembwe, Kivu ya Kusini. Alisoma hukohuko mpaka darasa la sita, vita vikamtoa. Mwaka 1999 aliolewa na Ezira Kabanda, mtoto wa Mukarukundo. Walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2012, wakapewa fasi ya kujenga Kashojwa. Orpa aliuza maharagi mpaka Kaberebere. Ezira alifariki mwaka 2014.

Mwaka 2015 Orpa alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Hakuficha. Mama mkwe akamtengea sahani moja ya buluu.

"Mama, unaniogopa?"

"Siogopi weye. Naogopa ile kitu."

"Sawa. Sahani yangu haitakosa wageni."

Akaanzisha kikundi cha waliopimwa karibuni, kila Jumanne nyumbani kwake. Mgeni alikula naye mu ile sahani, kisha walisindikizana kuchukua dawa. Adolphe, mwanaume wa kwanza wa kikundi, aligoma: "Mimi sikuli na bibi za watu!" Orpa akamjibu, "Basi kula mbio, niko na njaa." Leo Adolphe amebeba jeneza mbele, na amekubali atajwe. Mukarukundo mwenyewe alikula mu sahani hiyo mwaka wa tatu. Alichelewa, anajua.

Jumatano, tarehe 7 Mei 2025, Orpa alianguka sokoni Kaberebere. Alifariki Ijumaa, tarehe 9, hospitalini Mbarara. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwa ulipasuka. Dawa hazikumuua! Alizimeza miaka kumi, akilima, akicheka. Wanaonong'ona kule nyuma wanyamaze. Kuna mtu amepimwa wiki iliyopita, na kwa sababu ya maneno yao tangu jana hajameza dawa zake.

Ameacha watoto wawili, Gisèle na Yonatani, mama mkwe, na watu thelathini na wanne wa kikundi. Apumzike kwa amani, yeye ambaye kukaa kitako hakukujua.

Tukitoka kaburini, sahani ya buluu iko juu ya meza. Yule wa wiki iliyopita yuko kati yetu, na hatatajwa. Mukarukundo atakula wa kwanza. Nanyi mliokuja kulia, naweni mikono mje mule mu hiyo hiyo, wote, mpaka mtu asijue mgeni ni nani.