Bi. Twaiba na Majina Sitini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Twaiba Swabir anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chama chetu cha akiba na mikopo, Mkorosho, hapa Ukunda. Aliingia kama karani wa kupokea fedha dirishani. Anatoka akiwa Afisa Mikopo Mkuu, na kiti chake bado ni kile kile cha mbao, kwa sababu vile vya kuzunguka anasema vinampa kizunguzungu.

Mimi niliyeshikishwa kalamu hii ni mtu wa kompyuta, mzaliwa wa bara. Siku yangu ya kwanza niliingia ofisini nikaanza kuulizia nyaya. Bi. Twaiba alinirudisha mlangoni niingie upya kwa shikamoo. Tangu siku hiyo sijasahau, na wateja wamenipenda zaidi.

Amefungua tawi la Msambweni, amefunza makarani kumi na wanne, na mahamri yake ya Ijumaa yamemaliza ugomvi mwingi kuliko kamati ya nidhamu. Lakini kazi yake kubwa ni ya mwaka huu wa mwisho.

Juni mwaka jana tulibadilisha mfumo wa kupeleka taarifa za wakopaji kwenye ofisi inayowapa watu alama za mkopo. Zamani tulipeleka mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi, korosho zikiwa zimeuzwa na wakulima wameshalipa. Mfumo mpya unapeleka kila mwezi. Fomu yake iliuliza mwanachama hulipa kila baada ya muda gani. Kwetu kila mtu huleta hisa zake kila mwezi, na Bi. Twaiba alidhani ndizo zinazoulizwa, akajaza "mwezi" kwa wakulima sitini na mmoja ambao mkopo wao hulipwa mara moja, baada ya mavuno. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimhimiza amalize haraka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Oktoba hiyo akaja Mzee Fondo kutoka Jego kuomba mkopo. Shamba la marehemu ndugu yake lilikuwa linauzwa, na muuzaji alimpa hadi Ijumaa. Kompyuta ikamkataa: alama zake zilikuwa zimeporomoka. Mzee alikuwa amelipa kila msimu kwa miaka kumi na tisa.

"Dada, nimekosa nini?" alimuuliza Bi. Twaiba, kofia mkononi.

Mimi nikadakia kumweleza kwamba kompyuta haikosei. Naona haya hadi leo. Bi. Twaiba alifungua faili la karatasi la mzee, akalilinganisha na kioo cha kompyuta mstari kwa mstari, kisha akavua miwani.

"Hukukosa wewe, kaka'ngu. Nimekosa mimi."

Aliyasema hayo mbele ya foleni nzima. Mzee Fondo hakuwa amebadilisha chochote katika ulipaji wake. Tulichobadilisha ni namna ya kumsimulia. Kila mwezi ambao hakutakiwa kulipa, sisi tulimwandika mdaiwa aliyechelewa. Jioni hiyo Bi. Twaiba alikwenda Jego kwa gharama yake, akamwomba muuzaji asubiri wiki mbili. Marekebisho yalichukua siku tisa. Shamba likabaki katika ukoo.

Wakabaki wengine sitini. Kila mmoja alihitaji mkataba wake wa awali na sahihi mpya. Bi. Twaiba aliyaandika majina yote kwenye daftari la shule, akaacha likizo zake zote, akawa anayakata moja moja kwa wino mwekundu. Wiki mbili zilizopita alinikabidhi daftari na kuniambia kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Jina la mwisho kabisa halikuwa limekatwa: Twaiba Swabir, mkulima wa korosho, Kinondo. Kumbe alama zake nazo ziliporomoka pamoja na za wateja wake, na mwaka mzima hakujitanguliza mbele ya hata mmoja wao.

Bi. Twaiba, siku ile ile tulitoa mkataba wako kabatini. Ile karatasi uliyotia sahihi kesho yake, ukadhani ni ya vifaa vya ofisi, hukuisoma, nawe ndiye uliyetufunza kusoma kwanza. Leo jina lako ni safi, na wino mwekundu niliupaka mimi mwenyewe.

Asante, dada yetu. Mungu akupe afya, mikorosho izae, na maisha yawe mema kwako kama ulivyoyafanya kwetu.

Elijah Mramba
Idara ya Kompyuta