Bi Futa, Mwandishi wa Vibao Vyetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Futa anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vinavyomweleza mgeni la kufanya mbele ya kila kifaa cha kujaribu mwenyewe. Jina la Bi Futa alilipata wiki ya kwanza tu, alipopokea maelezo ya kurasa mbili kutoka kwa mtaalamu wetu wa sayansi akamrudishia mistari mitatu. Mtaalamu alinuna mwezi mzima.

Kalamu yake haikujua cheo. Hata barua ya mkurugenzi ya kumpandisha daraja aliirudisha imefutwa aya nzima. Daraja lenyewe alilipokea.

Lakini kuna siku alitunyamazisha wote. Wageni walikuwa wakizungusha mpini wa mashine ya umeme, taa haiwaki, wanaondoka wakisema ni mbovu. Fundi aliyeiunda aliambiwa itapelekwa stoo mwisho wa wiki, naye akaanza kuukwepa ukumbi ule kwa aibu. Bi Futa akachukua kigoda, akakaa pembeni siku tatu akitazama mikono ya watu. Siku ya nne akamwendea mkurugenzi.

“Mashine ni nzima, kosa ni langu,” alisema. “Nimewaambia wazungushe mpini, sikuwaambia mpaka lini.”

Kibao kipya kikasema: *Zungusha bila kusimama hadi taa iwake.* Mchana uleule bibi mmoja na mjukuu wake wakaiwasha. Fundi alitazama kutoka mlangoni, kisha akaenda kunawa uso.

Siri ya kazi yake tumeijua juzijuzi. Kila kibao kilianza kupitia nyumbani, kwa mama mkwe wake aliyejifunza kusoma ukubwani. Mama akikwama kwenye neno, neno linaondoka. Kumbe miaka yote tuliyobishana na Bi Futa tulikuwa tukibishana na mama mkwe wake, na huko nani amewahi kushinda?

Jumatatu alimleta mama kwa mara ya kwanza. Mama alisoma vibao vyote kwa sauti, polepole, wageni wakimpisha, na hakukwama hata mahali pamoja. Bi Futa alimfuata nyuma, amembebea mkoba.

Dada yetu, umetufaa kuliko tulivyowahi kukwambia. Ahsante, na ahsante kwa mama. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na majirani wanaoandika vizuri.